Nakala ya Kumi na Tatu

Nyumbani,
4 Mei

Mjomba wangu,

Salamu kwanza. Mama amesimama nyuma ya kiti changu na anasema nikianza na mambo ya mashine atanipokonya kalamu. Basi: yeye hajambo, mimi sijambo, goti lake linamsumbua vile vile, na amekuwekea sabuni na dawa ya meno kwenye kifurushi. Kikifika kimepungua utuambie.

Sasa habari yenyewe. Wamenitoa kwenye ukumbi wa makarani. Mimi niliyekuwa nachapa hati za viwanja kutwa nzima nimewekwa chumba cha mashine kubwa, kwenye kiti chako, mbele ya skrini yako. Tangu wakuchukue mwezi wa tatu hakuna aliyebaki anayejua ile mashine inafikiri nini. Kila mtu anajua kitufe chake tu, na siku kitufe kikigoma wanaangaliana. Bwana Msimamizi aliniita mwenyewe ofisini kwake akasema, "Wewe ni damu yake, utaelewa upesi kuliko wengine."

Moyo ulikataa, sikufichi. Kisha nikawaza hivi. Wanasema wewe ndiye uliyeingia kwenye mfumo ukabadilisha jina la mwenye nyumba, nyumba ya yule mama mshonaji ikawa ya mtu asiyemjua. Wanasema jina lako limeandikwa pale, na tarehe ya siku uliyorudi kutoka likizo. Mimi najua hukufanya. Kama uongo huo ulitengenezwa ndani ya mashine, basi ndani ya mashine ndimo mwa kuutafuta, na siwezi kuutafuta kama sijui mle ndani mambo yanakwendaje. Nikakubali.

Sweta lako nimelikuta mgongoni mwa kiti. Nalivaa, maana kile chumba ni baridi kama ulivyokuwa ukisema na sisi tukikucheka. Kile kitabu chako kinene cha mambo ya ndani ya mfumo endeshi nacho nimekikuta rafuni. Sura ya kwanza nimeisoma mara tatu. Mjomba, yule aliyekiandika hakutaka mtu aelewe.

Kuja kukuona ni safari ya kutwa, na siku yenu ya wageni inaangukia zamu yangu. Basi nifundishe kwa barua. Usininyime.

Mpwa wako,
Chiriku


Rumande,
12 Mei

Chiriku wangu,

Kifurushi kimefika na sabuni moja. Kama mama yako aliweka mbili, basi kuna afande anayenukia vizuri.

Kwa hiyo umekalia kiti changu. Gurudumu la kushoto limelegea, ukiegemea sana utaanguka, na wale wa ukumbini nje ya ukuta wa kioo watakuona. Mimi niliwahi kuanguka mbele ya wageni.

Kile kitabu usianze mwanzo. Anza na jambo hili. Mle ndani kuna kazi nyingi zinazoendeshwa pamoja, na kila moja inaamini kwamba mashine nzima ni yake peke yake. Mfumo ndio unaozidanganya hivyo, kwa nia njema. Hii inapewa muda kidogo, inasimamishwa, inapewa ile, inasimamishwa. Iliyosimamishwa haina habari kwamba ilisimama. Na kazi ikikaa sana bila kufanya kitu, mfumo unaitoa kwenye kumbukumbu na kuilaza kwenye diski, nafasi yake apewe mwingine. Siku ikiitwa inarudishwa na kuendelea pale pale ilipoachia. Nikiamka hapa huwa najiambia hivyo: nimelazwa kwenye diski tu, siku nikiitwa nitaendelea nilipoachia. Kikombe changu asikitumie mtu.

Kuhusu kesi, usihangaike kutafuta. Wakili wangu ana jambo lake. Sitaliandika, kwa sababu barua hizi zinafunguliwa getini (afande, habari za kazi?), na huko kwenu sijui nani ni nani. Jua tu kwamba kitu cha kunitoa hapa kipo, mashine yenyewe inakitunza mwaka mzima, na wakili anakiombea amri ya mahakama. Kipo salama kuliko mimi.

Wewe jifunze. Na usiogope kurudia. Kazi usiyoielewa iendeshe tena na tena mpaka mkono uizoee, ndipo usome kitabu. Mimi nilijifunza hivyo. Mashine haichoki wala haikasiriki.

Mjomba wako,
Sweta


Nyumbani,
30 Mei

Mjomba,

Juzi nimeaibika. Kazi mbili ziligandana, ile ya hati mpya na ile ya kodi za viwanja. Hazifi, haziendi, zimekaa tu. Kazi nyingine zikaanza kupanga foleni nyuma yao, na skrini huko ukumbini zikasimama zote. Makarani wakaja kujazana kwenye kioo kunitazama. Yule mrefu wa mapokezi akaniuliza kwa ishara kama nimekanyaga waya. Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyeniokoa ni Bwana Msimamizi. Hajui mashine, mwenyewe alikiri, lakini aliwafukuza wote pale kioo akaniambia nisiogope, tutajifunza pamoja. Kesho yake akaniletea mto wa kiti. Mbona hukuwahi kutuambia kwamba ni mtu mwema? Nyumbani ulikuwa ukimtaja tunadhani ni simba.

Niambie kile kilichozigandisha ni nini. Na niambie wakili amefikia wapi. Mama hali vizuri. Anasema ameshiba kabla hajakaa mezani.

Chiriku


Rumande,
12 Juni

Chiriku,

Pole na hongera. Mwendeshaji ambaye hajawahi kusimamisha ofisi nzima bado hajaanza kazi.

Ulichokiona ni mkwamo. Kazi ya kwanza imeshika faili la hati na inangoja faili la kodi. Ya pili imeshika faili la kodi na inangoja faili la hati. Kila moja inasema nitaachia nikipata, na hakuna itakayopata. Zingeweza kukaa hivyo mpaka umeme ukatike. Mfumo hauwezi kuzipatanisha, wala wewe huwezi. Dawa yake ni moja: unachagua moja unaiua ili nyingine ipite. Unachagua ile ambayo hasara yake ni ndogo, kisha unaandika amri, na huionei huruma. Mara ya kwanza mkono utasita. Wangu ulisita.

Ndiyo hali yangu na wakili. Yeye anangoja mahakama itoe amri, mahakama inangoja ofisi yenu ijibu barua, ofisi inasema inamngoja wakili alete maelezo. Wameahirisha tena. Lakini sina wasiwasi, maana kile kitu hakiozi.

Mama yako mwambie nimesema ale. Mwambie mimi hapa nakula mpaka nasaza, uongo huo nitaujibia mwenyewe.

Bwana Msimamizi hakuwahi kuniletea mto. Labda aliona mgongo wangu mgumu. Kaa naye kwa adabu na usimpe neno lako la siri.

Sweta


Nyumbani,
9 Julai

Mjomba, nimeiweza!

Nimeiweza kazi ya kufunga mwezi, ile kubwa ya kukamilisha rejista kila mwisho wa mwezi, uliyokuwa ukiifanya umefunga mlango. Bwana Msimamizi ndiye aliyetaka niijue kabla ya nyingine zote. Alisema anayejua kufunga mwezi hafukuzwi ofisini. Mwisho wa mwezi niliifanya huku napapasa, nikakosea, nikarudia. Akaniambia, "Hiyo haitoshi, ifanyie mazoezi wiki nzima, asubuhi na mchana." Nikacheka, maana na wewe uliniandikia hivyo hivyo: tena na tena mpaka mkono uzoee. Nimeirudia mpaka vidole vinajiendea vyenyewe. Neno la siri sikumpa. Kila mara nilichapa langu mwenyewe.

Kuna kitu kimenifurahisha. Kila nikimaliza, mashine inatoa nakala mpya ya rejista nzima ya nyumba na viwanja na kuiweka kando. Niliogopa nitajaza diski. Nikaenda kuangalia, nikakuta nakala ni kumi na mbili tu, kama zilivyokuwa siku ya kwanza. Inajipanga yenyewe! Zote ni mpya, za wiki hii, na pembeni ya kila moja pana jina langu. Bwana Msimamizi alisimama nyuma yangu akazipitia moja moja kwa kidole, akasema, "Safi kabisa." Amenizoea mpaka ananiita binti.

Sura yake kwenye kitabu bado sijaisoma. Ni ya tisa, nimeanza na mikono kama ulivyosema. Jivunie kidogo huko uliko.

Mpwa wako mwendeshaji,
Chiriku


Rumande,
14 Julai

Dada yangu,

Barua hii haikupita getini. Aliyekuletea ametoka leo, mpe maji na nauli, kisha uisome ukiwa peke yako. Mwanao asiione.

Kuna jambo nilimwambia wakili tu, na sasa nakwambia wewe. Nyumba ya yule mshonaji ilibadilishwa jina mwezi wa pili, nikiwa likizo, nimelala kwako sebuleni na macho yangu yamefungwa bandeji. Tarehe waliyoipachika, ya siku niliyorudi kazini, ni ya uongo, imeandikwa baadaye. Ningethibitishaje? Kila mwezi ukifungwa, mashine inatoa nakala ya rejista na kuitunza. Nakala ya mwisho wa mwezi wa pili ilikuwa na jina jipya tayari, wakati mimi hata sijaingia ofisini. Ndiyo hiyo tuliyokuwa tukiiombea amri. Hakukuwa na kingine.

Lakini mashine inatunza nakala kumi na mbili tu. Ikija ya kumi na tatu, ile ya zamani kuliko zote inatupwa na mahali pake panaandikwa juu. Kwa kawaida ni nakala moja kwa mwezi, ndiyo maana nilihesabu mwaka mzima. Mwanao amefunga mwezi asubuhi na mchana kwa wiki nzima, kwa mazoezi. Kaniandikia kwa furaha. Alikuwa anafuta kila kitu, dada, na hakujua. Msimamizi alisimama nyuma yake akahakikisha.

Sasa najua aliyefanya ni nani. Alikuwa anampaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikamsaidia. Mimi ndiye niliyemwandikia arudie tena na tena, na barua hiyo imesomwa getini.

Nimefikiri mpaka kichwa kimechoka. Kesi ikiendelea, siku moja mtu atauliza nakala iko wapi. Watafungua mashine na kukuta jina la mwanao kwenye zote kumi na mbili. Watasema mjomba alimtuma mpwa wake afute ushahidi, na barua yangu ipo. Tutafungwa wawili, na yeye ana miaka ishirini na mitatu. Kesi ikiisha, hakuna atakayeuliza. Unaelewa ninakokwenda. Usinizuie, maana sina pengine pa kupita na nimeshapatafuta.

Usimwambie. Akijua mikono yake ndiyo iliyofanya, hatakaa kitako maisha yake yote. Na umtoe kazini kwa yule mtu, polepole, kwa sababu nyingine yoyote. Sema goti.

Ndugu yako


Rumande,
16 Julai

Chiriku,

Hongera, mwendeshaji. Nimejivunia, na nimewasimulia wenzangu hapa mpaka mmoja kaniomba ninyamaze.

Wiki hii soma sura ya kumi, mambo ya vipaumbele, jinsi mfumo unavyoamua nani apite mbele na nani angoje. Ni tamu. Ile ya tisa iruke, ni ya kuchosha na wewe kwa mikono umeshaijua.

Na kazi ya kufunga mwezi sasa inatosha. Mara moja kwa mwezi, basi. Ukiambiwa urudie, sema Mjomba anasema mkono umeshazoea.

Wakili ameondoa lile ombi lake. Usishtuke, ni mbinu za kisheria, hata mimi sizielewi zote.

Goti la mama yako lisije likamlaza. Ikibidi uache kazi umuuguze, acha. Hakuna atakayekulaumu.

Sweta


Nyumbani,
6 Agosti

Mjomba,

Nimesoma sura ya tisa.

Uliponiambia niiruke nilijaribu kutii. Lakini wewe hujawahi kuniambia niruke kitu. Hata nilipokuwa mdogo ukinifundisha hesabu ulikuwa unanirudisha kwenye ile niliyoiruka. Na mama tangu katikati ya Julai akiniangalia anageuza uso, na goti ambalo limemuuma miaka yote sasa ghafla linataka niache kazi. Nikajua kuna kitu mnanificha. Nikafungua.

Ni kurasa chache tu. Inasema mfumo unatunza vizazi kumi na viwili vya faili, na kizazi kipya kikiingia, kikongwe kinaondolewa na nafasi yake kupewa mwingine. Nilisoma nikaona ni jambo la kawaida. Nikaenda kupika. Nikiwa nakoroga chungu nikakumbuka ile barua yako ya kwanza, kitu kinachotunzwa na mashine mwaka mzima. Nikazima jiko. Nikamuuliza mama, "Mjomba alikuwa likizo mwezi gani?" Alikaa chini pale pale sakafuni, na goti lake. Kisha akaniambia yote.

Kesho yake niliwahi kazini, nikatafuta. Nimetafuta kila pembe ya diski, Mjomba. Nimepasoma mahali penyewe ilipokuwa, kipande kwa kipande, kwa kutumia yote uliyonifundisha. Pana nakala yangu. Chini yake hapana kitu, imeandikwa juu mara moja na hiyo inatosha. Hakuna amri ya kurudisha. Nimekaa pale na sweta lako nikalia, na wale wa ukumbini wakaja kioo kutazama. Safari hii Bwana Msimamizi hakuwafukuza. Alisimama nao.

Mto wake nimeutupa nje.

Sasa sikiliza, na afande naye asikilize, wasome wote. Mama ameniambia unachotaka kufanya. Usifanye. Kesi yako ni tarehe ishirini. Nitakuja, nitasimama mbele ya hakimu niseme: nilifunga mwezi mimi, kwa vidole hivi, kwa kuambiwa na Msimamizi, na mjomba wangu hakunituma. Nitamweleza sura ya tisa neno kwa neno mpaka aelewe, kama wewe ulivyokuwa ukinieleza mimi. Wakinifunga wanifunge. Siwezi kukaa kwenye kiti chako wewe ukikaa huko kwa sababu ya ushahidi nilioufuta mimi.

Ulinifundisha kwamba kazi zikikwama anayechagua ya kuuawa ni mwendeshaji. Mwendeshaji sasa ni mimi. Usikubali kosa, nakuomba. Sema hapana, useme hapana tena, ningoje.

Nakupenda sana.

Chiriku


Rumande,
7 Agosti

Chiriku wangu,

Nakuandikia haraka kabla gari la posta halijaondoka, uipate habari kwangu kabla hujaisikia kwa watu.

Niliomba niitwe mahakamani mapema, wakakubali. Sikutaka usafiri kutwa nzima tarehe ishirini kuja kukaa kwenye benchi. Imekuwa leo asubuhi. Hakimu ni mama mmoja mpole, ana kikohozi. Aliniuliza kama ni kweli, nikasema ni kweli. Akaniuliza tena kama nimeelewa swali, nikasema nimeelewa. Wakaandika. Ilikwisha upesi, hata chai ya wakili haikupoa.

Ni miaka minne. Usilie mbele ya mama yako. Mimi niko sawa, ila mkono ulisita kidogo nilipokuwa natia sahihi.

Nitahamishwa, nitakutumia anwani. Hakuna haja tena ya kutafuta chochote mle ndani. Kesi imefungwa, hakuna atakayeuliza kitu, si kwangu wala kwako. Ukipata kazi kwingine nenda, na ukienda chukua kitabu, ni changu, nilikinunua mwenyewe. Sweta pia chukua.

Najua wewe ni mdadisi, na najua lazima utakuwa unajiuliza kwa nini nilikuambia uruke mahali. Hapana sababu. Sura ya tisa haina kitu, mpwa wangu. Endelea na ya kumi, ukikwama niandikie.

Mjomba wako,
Sweta